Kuhama Mtandao Katikati ya Giza: Kisa cha Mfanyabiashara wa Dagaa, Mwanza

Mimi ni fundi simu hapa Mwanza, na pembeni ya ufundi ni wakala wa kusajili laini. Kisa hiki ni cha mteja wangu aliyebadilisha mtandao na simu kwa siku moja. Nimeondoa jina lake, majina ya mitandao miwili inayohusika na jina la kisiwa, na nimebadilisha mambo madogo ambayo yangemtambulisha. Nilimsomea nilichoandika, akaridhia. Nawaandikia mawakala na mafundi wenzangu, pamoja na yeyote anayedhani kuhama mtandao ni kazi ya dakika kumi.

Mama na namba yake

Mama huyu ana miaka hamsini na kitu. Anauza dagaa kwa jumla Kirumba Mwaloni. Mzigo wake unatoka kwenye kambi za wavuvi visiwani Ukerewe, na wateja wake wako Kahama, Shinyanga na Dodoma. Namba yake ya simu anayo tangu 2010. Imeandikwa kwa kalamu nene kwenye magunia yake, na kambini kuna mtumbwi ambao ubavuni umepakwa namba hiyo kwa rangi nyeupe, ili mvuvi yeyote akiwa na mzigo ajue pa kupiga.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, jambo moja lazima lielezwe mapema kwa sababu ndilo lililotugharimu. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta samaki pale tu usiku unapokuwa mweusi. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake unaifunika taa, na wavuvi wengi hupumzika, hushona nyavu, huenda makwao. Kwa hiyo kila mwezi una vipindi viwili: mbalamwezi, ambapo mwalo (pale mitumbwi inaposhusha samaki) umetulia, na giza, ambapo simu haikomi kuita. Kwenye giza mama huyu hupokea simu tangu kabla ya alfajiri, na saa moja ya kutopatikana inatosha mzigo kwenda kwa mwingine.

Alivyokuja

Alifika kibandani kwangu wakati wa mbalamwezi. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba baba," kisha akaiweka simu mezani kwa mkono mzito. "Hii imenichosha. Nikiwa kambini simpati mtu wala mtu hanipati. Nikirudi mjini inazima yenyewe. Nipe simu nyingine na laini nyingine, yaishe."

Niliishika. Betri ilikuwa imevimba hadi kioo kimenyanyuka upande wa kulia, ukucha unapita kwenye ule mwanya. Ilikuwa na miaka minane. Betri za aina hii, baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500 hivi, hubaki na takribani asilimia 80 ya uwezo wake, na yeye alikuwa amepita idadi hiyo miaka mingi nyuma, tena akiichajia juani kando ya chanja za kuanikia dagaa. Joto ndilo adui mkubwa wa betri. Nafasi ya ndani ya simu nayo ilikuwa imejaa picha na sauti za WhatsApp. Nilimwambia asiichaji tena akiwa amelala wala asijaribu kukibana kioo kirudi chini, kwa sababu betri iliyovimba ikitobolewa huwaka.

Lakini betri haihusiani na kutopatikana kambini. Hayo yalikuwa matatizo mawili yaliyokuja kwenye mfuko mmoja, na yeye aliyaona kama moja. Kiukweli hata mimi, pamoja na kulitambua hilo siku ile ya kwanza, baadaye nililisahau kwa vitendo.

Tulichopima kabla ya kuamua

Niseme wazi kwamba kila namba inayohamia mtandao ninaousajili, mimi napata kamisheni. Kwa hiyo sikutaka uamuzi utoke mdomoni mwangu. Nilimpa kitochi changu, simu ndogo ya vitufe, chenye nafasi mbili za laini: upande mmoja laini yake, upande wa pili laini mpya ya mtandao wa pili, yenye vocha ya elfu moja. Nikamwambia aende nacho kambini wiki nzima, na kila asubuhi, mchana na usiku atazame minara miwili ile kwenye kioo na kupiga simu kwa kila upande.

Alirudi na karatasi yenye alama za peni. Laini yake ilishika mchana mara chache akiwa juu ya mwamba. Pale kwenye chanja, hakuna. Ile ya mtandao wa pili ilishika kwenye chanja, kwenye kibanda, na hata kwenye mtumbwi ukiwa umetoka ufukweni kwa umbali. Kwa kuwa kitochi ni kizima na ni kimoja kwa laini zote mbili, tulijua kosa si la simu yake. Ni mtandao wa kwanza ambao mnara wake hauifikii kambi ile vizuri.

Swali la haki ni hili: kwa nini asiweke tu laini ya pili, akaacha namba yake ilipo? Nilimuuliza. Jibu lake lilikuwa bora kuliko langu. Shida yake si kupiga. Anayempigia ndiye mwenye mzigo, na anayempigia anaijua namba ile iliyoko kwenye magunia na kwenye mtumbwi. Laini mpya mfukoni haimsaidii mvuvi ambaye hana namba yake. Kuelekeza simu kutoka laini ya zamani kwenda mpya kungemlipisha kila simu inayoingia, na fedha zingeendelea kutumwa kwenye laini isiyoshika. Namba ndiyo ilipaswa kuhama.

Huduma ya kuhama bila kubadili namba ipo Tanzania tangu tarehe 1 Machi 2017. Unakwenda kwa wakala wa mtandao unaouhamia, anahakiki utambulisho wako, unatuma neno HAMA kwenda 15080, kisha unapewa laini mpya yenye namba yako ileile. Nilimwambia hivyo, naye akafurahi. Hapo ndipo tulipokutana na jambo ambalo nadhani wakala yeyote wa Kanda ya Ziwa amekutana nalo.

Jina lililoko kwenye laini

Nilipomwambia abonyeze *106# ili tuone usajili, jina lililotokea lilikuwa la mwanawe wa kwanza.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Usajili wa alama za vidole ulianza Mei 2019, na Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Foleni za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, zilikuwa ndefu, wengi hawakuwa na namba. Mama alikuwa kambini. Kijana alikuwa na namba ya NIDA, akaweka kidole chake, laini ikapona. Likawa jambo la kushukuru, likasahaulika. Kwa miaka karibu sita kila aliyemtumia mama fedha aliona jina la kijana, akazoea hivyo.

Njia zilikuwa mbili. Kijana angekuja aweke kidole, namba ihame ikiwa bado kwa jina lake. Au umiliki ubadilishwe kwanza kwenye mtandao wa zamani, uwe wa mama, ndipo ihame. Nilishauri ya pili, na hata leo ningeshauri hiyohiyo. Laini inayobeba fedha zako na iko kwa jina la mtu mwingine haiko mikononi mwako: ikipotea huwezi kuirudisha peke yako, na Mungu apishe mbali, huyo mtu akifariki unaanza kuhangaika na fedha zako mwenyewe.

Kijana anafanya kazi Geita. Ilibidi asubiri ruhusa, siku kumi zikapita. Alipopata nafasi alivuka kwa basi kupitia daraja la Kigongo–Busisi asubuhi, wakaenda wote wawili kwenye ofisi ya mtandao wa zamani, wakaweka vidole, akarudi jioni ileile. Kabla ya Juni 2025 ilibidi kusubiri kivuko pale, na safari kama hiyo isingekuwa na uhakika wa kwenda na kurudi.

Siku kumi hizo zilikula mbalamwezi yetu yote.

Kununua simu

Wakati tunamsubiri kijana, tuliitafuta simu. Alikuwa ameletewa mapendekezo matatu.

La kwanza ni simu ya mkopo: kianzio shilingi 60,000, kisha 1,500 kila siku kwa mwaka. Tulipiga hesabu kwenye ganda la boksi mezani: 607,500. Simu yenye uwezo kama huo kwa fedha taslimu ilikuwa 320,000. Tena simu ya mkopo hujifunga ukichelewa kulipa, na yeye kuna wiki za mbalamwezi asizoingiza kitu. Sizipingi simu za mkopo, zimewafikisha wengi kwenye simu janja ambao wasingefika. Kwa mtu mwenye kipato kinachopanda na kushuka na mwezi, kufungiwa simu ndiyo hasara yenyewe.

La pili lilikuwa simu ya mtumba kutoka Marekani, nzuri kwa macho. Nilibonyeza *#06#, na namba ya utambulisho wa simu (IMEI) yenye tarakimu 15 iliyotokea haikufanana na ile ya boksi. Hapo niliishia. Tangu Juni 16, 2016, simu zenye namba za bandia huzimwa nchini, na kila mtu anaweza kuituma namba hiyo kwenda 15090 akaambiwa simu ni ya aina gani. Hata kama namba zingefanana, ningekagua mambo mengine mawili: simu za huko nyingi huja zimefungwa kwenye mtandao wa huko, na masafa yao ya 4G si lazima yawe yale yanayotumika hapa. Unaweza kuwa na simu ya gharama inayoshika 4G mjini, kisha visiwani ikawa kama haipo.

Alichukua la tatu, simu mpya ya kawaida, laini mbili, betri kubwa, kwa fedha taslimu. Tuliituma namba yake 15090 kabla hajatoa hela.

Siku yenyewe

Ilikuwa Ijumaa, siku ya tatu ya giza. Tulikuwa tumekubaliana tusubiri mbalamwezi ijayo. Lakini asubuhi ile simu ya zamani ilizima na haikuwaka tena. Alifika kwangu mbio, mzigo wa Kahama ukiwa njiani kutoka kisiwani. Alisema, "Fundi, maadam simu imekufa, tumalize yote leo." Nikakubali.

Tulifanya mambo haya vizuri, laini ya zamani ikiwa kwenye simu nyingine: alilipa salio alilokuwa amekopa, akatoa fedha zote kwenye akaunti ya simu, akamalizia kifurushi. Fedha na salio havihami na namba; kinachohama ni namba tu. Alituma HAMA, nikachukua kidole, na alasiri laini mpya ikashika. Nikamfungulia akaunti ya fedha ya mtandao mpya kwa jina lake. Alilitazama jina lake kwenye kioo kwa muda, akatabasamu.

Kisha nikafanya kosa langu. Nikiwa na haraka, nilisajili WhatsApp kwenye simu mpya papo hapo. WhatsApp ina njia ya kuhamisha mazungumzo moja kwa moja kutoka simu ya zamani kwenda mpya kwa kuskani msimbo, lakini simu ya zamani lazima iwe inawaka na bado imo ndani ya akaunti. Simu ya zamani ilikuwa imelala mezani ikiwa imekufa. Nilipobonyeza kuruka hatua ya kurejesha, nilimtoa kwenye simu ile.

Nilitegemea nakala ya akiba kwenye akaunti ya Google. Haikuwepo. Akaunti yenyewe ilifunguliwa miaka minane iliyopita na muuzaji wa simu ile, na hakuna aliyejua nywila yake.

Mama akakaa kwenye stuli. "Daftari langu la madeni liko humo." Alikuwa na desturi ya kupiga picha kila ukurasa wa daftari, kwa sababu daftari lenyewe liliwahi kulowa.

Kilichofuata

Majina tuliyapata kirahisi. Mengi yalikuwa kwenye laini ya zamani yenyewe, na laini iliyohamwa hata isiposhika mtandao bado inasomeka. Tuliiweka kwenye kitochi, majina 214 yakatokea, tukayahamisha. Laini za kawaida hubeba majina kama 250 na hukata majina marefu, ndiyo maana alikuwa na "Baba Neema Kis" watatu. Tulikaa tukawatenganisha mmoja mmoja kwa kumbukumbu yake.

Picha zilichukua siku mbili. Niliifungua simu ya zamani kwa kupasha gundi ya nyuma polepole, nikaitoa betri iliyovimba kwa uzi badala ya bisibisi, nikaiweka nje kwenye kopo la mchanga. Nikapata betri nzima kutoka simu mbovu ya aina ileile. Kioo kikawaka. Picha zote za daftari zilikuwepo kwenye hifadhi ya picha. Mazungumzo na sauti, ambamo bei zilikubaliwa, hatukuweza kuyahamisha.

Fedha ndizo zilizouma. Mteja wa Kahama alituma malipo Jumamosi kama alivyotuma miaka yote, kwa kuchagua kutuma ndani ya mtandao uleule. Muamala ukakataa. Mama akamwelekeza achague kutuma mtandao mwingine. Akafanya, na kabla ya kuthibitisha akaona jina asilolijua, maana miaka yote aliona la kijana. Namba ileile, mtandao mwingine, jina jingine. Aliogopa utapeli, akakata. Nami siwezi kumlaumu. Alifanya hasa tunachowafundisha watu wafanye. Mama alikuwa anapatikana vizuri kambini kwa mara ya kwanza, na mtu aliyemwamini kwa miaka hakumwamini siku hiyo.

Akajaribu kutumia benki. Huduma ya benki kwenye simu ilikuwa imejifunga kwa sababu laini ilibadilika, na kufunguliwa kulihitaji kufika tawini na kitambulisho. Hiyo ni kinga nzuri dhidi ya wanaoiba namba za watu. Ila ilikuwa Jumamosi mchana.

Magunia ya Kahama yakauzwa palepale mwaloni. Alikadiria amepoteza shilingi 140,000 kwa mzigo ule. Jumatatu benki ikafunguka. Jumatano akapigiwa na mtu aliyejiita huduma kwa wateja, akimtaka asome namba zilizokuja kwa ujumbe ili "kukamilisha kuhama". Hilo tulikuwa tumemwonya, alikata simu na kuituma namba ile kwenda 15040, kunakoripotiwa utapeli.

Matokeo

Giza la mwezi uliofuata alikuwa kambini siku nane na kila simu ilimfikia. Awali alikuwa akivuka kwenda Nansio kila baada ya siku mbili ili tu apatikane. Mteja wa Kahama alirudi baada ya kijana wa mama kumpigia mwenyewe na kumweleza. Mteja mmoja wa Dodoma hakurudi. Laini iko kwa jina la mwenyewe. Akaunti ya Google ni yake, nywila imeandikwa kwenye daftari, na nakala ya akiba inajihifadhi kila usiku.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kitochi. Wiki moja na vocha ya elfu moja vilitupa jibu ambalo maneno ya wakala yeyote, mimi nikiwemo, yasingelitoa. Watu huhama kwa sababu jirani anasifia mtandao, na jirani anaishi Igoma.

Kubadilisha umiliki kabla ya kuhama kulikuwa sahihi, lakini sikufikiria jina linafanya kazi gani kwa wengine. Kwetu jina ni usahihi wa kumbukumbu. Kwa mteja wa Kahama jina lilikuwa ndiyo alama ya uaminifu, hata kama lilikuwa jina la kijana. Tulipaswa kuwapigia wateja wakubwa, hawakuzidi kumi na wawili, siku mbili kabla: jina litabadilika, mtandao utabadilika, namba haibadiliki. Tena mama mwenyewe apige, sauti yake isikike, kwa namba ileile wakati bado iko mtandao wa zamani. Ujumbe wa maandishi haufai hapa, kwa sababu unafanana na wa matapeli.

Kosa kubwa zaidi ni la Ijumaa, na ni langu, kwa sababu mama alikuwa na mzigo njiani na mimi nilikuwa nimekaa. Simu ilikufa, laini haikufa. Ningeichomoa laini ya zamani kutoka kwenye simu iliyozima na kuiacha kwenye kitochi, angemaliza giza lile akiwa na fedha zake, mtandao ambao wateja waliuzoea, na tatizo lake la zamani la kambini ambalo alishaishi nalo miaka. Simu mpya ingekaa kwenye boksi. Ningepata wiki mbili za kuifufua simu ya zamani bila kugusa WhatsApp, kuwapigia wateja, na kupita benki siku ya kazi. Hakuna hata kimoja katika kufa kwa betri kilichodai namba ihame siku ile.

Tangu hapo fomu yangu ya kuhama ina mstari nilioongeza kwa mkono, chini ya namba ya NIDA: mteja anategemea simu zaidi siku zipi. Kwa watu wa mwaloni naandika tarehe ya mbalamwezi. Kwa mwalimu naandika siku za mshahara. Wiki iliyopita alikuja mama mwingine kutoka Kayenze, laini iko kwa jina la marehemu mumewe. Hiyo bado tunaishughulikia.